Hatari Iliyo Ndani ya Nyumba
Katika Masisi na Walikale, mkoani Kivu Kaskazini nchini Kongo (DRC), jeuri inayotangazwa ni ya wenye bunduki. Ya chumbani huitwa mambo ya nyumba, na mahari huonyeshwa kama risiti, kana kwamba mke alinunuliwa.

Mara nyingi jeuri ya nyumbani haianzi kwa kipigo. Mume hutwaa fedha za mavuno, hupekua simu, humkataza mke kwenda kwao. Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe hata kufungua kesi ya madai dhidi ya mtu mwingine; sharti hilo lilifutwa 2016, ingawa vijijini bado hudaiwa.

Anayepanga kuondoka amwachie mtu amwaminiye kadi ya uchaguzi, ambayo hutumika kama kitambulisho, na nguo za watoto, kimya kimya. Aliyebakwa, hata na mumewe, afike hospitali kabla ya saa 72 kupita: dawa za kukinga virusi vya UKIMWI hazifai baada ya hapo.