Kitenge cha Pili

Oktoba, kabla mvua hazijashuka, mji wa Likasi, huko Katanga nchini Kongo, huwaka kama tanuri. Vumbi jekundu hutanda hewani, miembe husimama kimya, na kila mwenye kivuli hukaa kivulini. Ndipo utamwona mama mtu mzima akipita kwenda sokoni. Juu amevaa libaya, ile blauzi iliyoshonwa kwa kitambaa kilekile cha chini. Chini amefunga kitenge mpaka kwenye vifundo vya miguu. Na juu ya kitenge hicho amezungusha cha pili, kimekunjwa kwa uangalifu kiunoni. Ni pamba ya nta, nzito, isiyopitisha upepo. Kwa jua lile, hata kimoja ni kazi.

Shuleni tulikaririshwa kwamba watu wa nchi za baridi huvaa sufu na manyoya, na watu wa nchi za joto huvaa pamba nyepesi. Mwalimu alichora jua upande mmoja wa ubao na theluji upande wa pili, tukanakili. Laiti mwalimu yule angewaona wanawake wa Kiherero kule Namibia, nchi yenye jangwa, wakitembea na magauni mapana ya vitambaa tabaka kwa tabaka waliyoyachukua kutoka kwa wake wa wamisionari wa Kijerumani, na kilemba chenye pembe mbili kama za ng'ombe, kwa sababu ng'ombe ndio fahari yao. Au Mabedui waliovaa majoho meusi jangwani. Hao waliwashangaza hata wanasayansi, waliolipima vazi lao na kuchapisha matokeo mwaka 1980: joto la ziada linalofyonzwa na joho jeusi huondolewa na hewa inayozunguka ndani ya vazi pana kabla halijafika mwilini. Kwa hiyo Mbedui havai vibaya. Lakini sayansi ile ilithibitisha tu kwamba nyeusi haimdhuru. Kwa nini aliichagua, hiyo ni habari nyingine.

Hali ya hewa ya Likasi nayo ina hila. Mji uko juu, kama mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, na anayekuja Juni akiwa na fikra kwamba Kongo yote ni msitu wa joto atajuta. Usiku wa Juni na Julai kipimo hushuka chini ya nyuzi 10. Asubuhi watoto huenda shule wakiwa na kofia za sufu zilizofunika masikio, na wauza chai hujifunga mablanketi kama wachunga ng'ombe wa nyanda za juu. Saa sita mchana sweta zote zimevuliwa. Baridi hapa ni mgeni wa asubuhi, na nguo zake hutunzwa pembeni mwaka mzima.

Kilomita kama 20 kutoka mjini ndiko uliko mgodi wa Shinkolobwe, jina ambalo watu wa mbali hulijua kuliko wanavyoijua Likasi yenyewe. Husimuliwa kwamba mwaka 1915 Mwingereza Robert Rich Sharp, mtafuta madini, alivutwa na habari za kilima ambacho wenyeji walichukua udongo wake wa rangi na kujipaka mwilini. Awe alisikia hivyo au la, mawe ya pale kweli yana rangi za kuvutia: manjano ya yai, chungwa, kijani cha majani machanga. Ilikuwa urani. Napenda kufikiri kwamba pambo la kwanza la mahali hapa lilitoka ardhini palepale, kabla ya uzi wowote kufika.

Uzi ulifika baadaye, na ulifika kwa safari ndefu. Hii ni nchi ya miombo, na watu wa miombo walivaa walichopewa na miti na wanyama: magome yaliyopondwa mpaka yakalainika, na ngozi. Kaskazini zaidi, kwa Waluba, palikuwa na mawale, basi huko wakafuma vitambaa vya nyuzi za mawale. Hapo ndipo somo la ubaoni lilikuwa sahihi: mti ulioota kwenu ndio uliokuvisha. Kisha akaja Msiri. Watu wake walitoka Unyamwezi, Tanzania ya leo, wakaja kutafuta shaba na pembe, wakabaki. Kutoka Bunkeya, kaskazini ya Likasi, Msiri alipokea nguo za bahari mbili: mashariki zilikuja kwa misafara ya pwani, magharibi zilikuja kutoka Benguela kwa wafanyabiashara wa Angola. Merikani, kitambaa kile cheupe ambacho jina lake linasema kilikotoka, ilipimwa kwa mkono na kuhesabiwa kama fedha. Na wakuu wa Wayeke, ndivyo watu wa Msiri walivyoitwa, walivaa kipande cha kombe la baharini, duara jeupe, katika nchi ambayo bahari iko mwendo wa miezi. Thamani ya kombe ilikuwa umbali wake.

Tangu hapo nguo katika nchi hii ya shaba haikuwa tena swali la jua na mvua. Swali likawa: nani amekuvisha? Mfalme aliyeshika njia za misafara alishika pia vitambaa, na aliyetaka kuvaa alipaswa kuwa karibu naye. Msiri aliuawa Desemba 1891, na miaka 15 baadaye, 1906, ikaundwa Union Minière du Haut-Katanga. Kampuni ilirithi migodi ya shaba, na kwa namna fulani ikarithi kazi ile ya kuvisha.

Vijana waliletwa kutoka mbali, Kasai, Rwanda na Burundi, Rodezia ya Kaskazini, na Kiswahili kikawa lugha ya kuelewana mgodini. Blanketi lilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza alivyopewa mfanyakazi. Baada ya 1928 hivi kampuni iliona afadhali mtu akae na mke na watoto kuliko kuleta wapya kila mara, basi ikajenga nyumba, ikatoa posho ya unga na samaki, ikafungua shule. Wake za wafanyakazi walifundishwa na masista kushona, kufuma, kufua na kupiga pasi. Nimewahi kukaa na bibi mmoja wa Likasi aliyejua kupiga pasi kola ya shati kwa pasi ya makaa bila kuacha hata alama ya jivu, na alinieleza utaratibu wake kama mwenzake angeeleza sala: ndani kwanza, pembe kuelekea katikati, kisha nje, na makaa yapulizwe ukiwa umegeuka mbali na kitambaa. Watu waliiita kampuni baba, wakaiita na mama. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi alikipa kitabu chake jina lenye maana ya watoto wa Shaba waliotelekezwa na baba yao. Jina hilo linatosha kueleza yaliyofuata.

Shinkolobwe nayo iliivisha dunia. Kabla ya habari za bomu la atomiki, ambazo zimeandikwa sana, mawe yake yalisafirishwa hadi Olen, Ubelgiji, ambako kuanzia 1922 yalitolewa radiamu. Kwa takriban miaka kumi radiamu nyingi ya duniani ilikuwa ya Katanga. Moja ya kazi zake ilikuwa rangi ya kupaka namba za saa ili zing'ae gizani. Bwana wa Brussels aliyetazama saa yake usiku wa manane huenda alikuwa amefunga kipande cha kilima hiki mkononi. Mtu wa kilima, aliyechambua mawe yale kwa vidole vyake, alivaa ovaroli ya kampuni na kurudi nayo nyumbani ikiwa na vumbi, na mkewe akaifua.

Rais Mobutu naye alitaka kuvisha. Miaka ya mwanzo ya 1970, Katanga ikiwa imeitwa Shaba na Jadotville ikiwa imeshakuwa Likasi, suti na tai zilikatazwa. Mwanamume mwenye cheo akavaa abakosti, koti lisilo na tai, ambalo jina lake ni kilio cha Kifaransa cha kuiangusha suti. Wanawake wakaambiwa waache suruali, sketi fupi na nywele za bandia, wavae kitenge, ndiyo asili yao. Asili! Kitambaa ambacho Waholanzi wa Helmond, kwa kiwanda kilichoanzishwa 1846, waliiga kutoka kwa mafundi wa batiki wa Java. Lakini siwacheki akina mama. Kitenge kilikwisha kuwa chao kabla ya amri; walikipa majina sokoni, walikijua kwa kukigusa tu kama ni waksi ya kweli au ya kuiga, na walikipitisha kwa mabinti zao kikiwa kimekunjwa sandukuni kama akiba. Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na tai ikarudi shingoni. Kitenge hakikwenda popote.

Nilifahamu kitenge cha pili siku niliyoaibika. Nilikuwa nimefika Lubumbashi kutoka Kigoma, na rafiki yangu akanipigia simu: shangazi yake amefariki Likasi, njoo. Nikapanda basi kama nilivyo, na suruali yangu ya jinzi. Mimi, niliyelelewa kwetu na kujua kabisa kwamba msibani mwanamke haendi bila kanga! Nilishuka kwenye kilio, mikeka imetandazwa uani, wanawake wamekaa miguu imenyooshwa, na macho yote yakaniangukia magotini. Hakuna aliyesema neno. Mama mmoja mnene, mwenye mvi, alisimama polepole akishika mgongo, akafungua kitenge chake cha juu, akanizungushia kiunoni na kukipachika kwa kidole gumba, mara mbili, kwa nguvu.

"Vala, mwanangu," akasema, akarudi kukaa.

Alibaki na kitenge kimoja, amekamilika vilevile. Kwa siku mbili nilizokaa pale niliona vitenge vya pili vikifanya kazi: kimoja kilitandikwa chini mzee akae, kingine kilimfunika mtoto aliyelala, kingine kilimbeba mtoto mwingine mgongoni, kingine kilishikwa na wanawake wawili kama pazia ili mgonjwa abadilishe nguo. Nilipomrudishia mama kile chake, kimefuliwa na kukunjwa, nilimwuliza kwa nini hufunga viwili hata kwenye jua. Alinitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini nyumba ina mlango.

"Moja njo yangu," akasema. "Ingine njo ya bantu." Kimoja ni chake, kingine ni cha watu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma nguo za huku kwa jicho hilo. Kijana anapoposa, familia ya msichana humpa orodha: suti ya baba mkwe, viatu vyake, waksi nzuri ya mama mkwe, na blanketi la bibi. Hakuna anayeuliza kama baba mkwe ana mahali pa kuvaa suti. Kitu pekee kwenye orodha kinachokumbuka hali ya hewa ni lile blanketi, na nadhani mabibi waliliweka wenyewe. Siku ya harusi ukoo mzima huvaa kitenge cha aina moja, kila mshonaji na mtindo wake, hivi kwamba kwa mbali unaona familia na kwa karibu unaona mtu.

Wapo wanaoshindana na vumbi waziwazi. Wanafunzi wa Kongo huvaa shati jeupe na suruali au sketi ya bluu, sare ya nchi nzima, na sijui ni nani aliyechagua nyeupe kwa ajili ya udongo wa Katanga. Bapostolo, wafuasi wa kanisa la Yohane Maranke lililoanzia Zimbabwe, huvaa kanzu nyeupe, na wanaume huwa na vichwa vilivyonyolewa na ndevu ndefu. Jumamosi utawaona wamekaa chini ya mti nje ya mji, weupe umetua kwenye wekundu. Nyuma ya weupe ule kuna mtu aliyeinama juu ya beseni.

Shinkolobwe yenyewe iliendelea kuvutia watu hata baada ya mashimo yake kufungwa kwa zege wakati wa uhuru. Wachimbaji walirudi na sururu kutafuta kobalti. Walishuka na kaptura, fulana za mitumba na ndara, mahali ambapo kwa haki mtu angetakiwa kufunikwa kuanzia unyayo hadi utosini. Januari 2004 rais alitoa amri mgodi ufungwe. Julai mwaka huohuo sehemu yake iliporomoka na kuua watu wanane, na makazi ya wachimbaji yakabomolewa. Fulana zile zilikuwa na majina ya timu za mpira za Ulaya na vyuo vya Marekani.

Mume wa yule mama wa kilioni alikuwa mzee wa mgodini. Nilimkuta Juni moja, alfajiri, amekaa mbele ya jiko la makaa. Juu ya sweta alikuwa amevaa ovaroli ya bluu iliyopauka mpaka ikawa rangi ya anga la mchana, alama ya kampuni imebaki kivuli kifuani. Nikasema, baba, bado unaenda kazini?

"Ilikuwaka ya kazi," akasema. "Sasa njo ya baridi."

Kifungo cha tatu kilikuwa kimekatika, na mahali pake palishonwa kifungo kikubwa cha manjano kilichotolewa kwenye libaya. Alikuwa akikipapasa na kulalamika kwamba tundu ni dogo, hakipiti vizuri, na mama kutoka ndani akamjibu kwamba aache kukivuta.