Ramani za Zamani za Mbuga za Kanada, na Jinsi ya Kuzisoma



Kuna swali moja ambalo huletwa ofisini kwetu mara kwa mara. Mkulima huweka kidole juu ya ramani ya skimu na kusema, "Karani, hapa pameandikwa eka kumi na tano, lakini mimi nalima kumi na moja. Nne zimekwenda wapi?" Mara nyingi hazikuibwa. Zimo katika kinamasi, au katika mteremko usioweza kulimika. Mpima huhesabu ardhi yote, lakini jembe huhesabu ile iliyo kavu tu.

Katika mbuga za Kanada, nchi ya ngano, wakulima waliligundua jambo hilo zamani, na ramani zao zaonyesha wazi lilivyotokea.

Mwaka 1871 wapima wa Serikali ya Kanada walianza kazi kutoka mstari uliopigwa magharibi kidogo ya mji wa Winnipeg. Waliigawa nchi kwa miraba, kama vile Marekani ilivyokwisha kufanya tangu sheria yake ya 1785. Mraba mkubwa, uitwao taunishipu, ulikuwa na maili 6 kila upande. Ndani yake mlikuwa na seksheni 36, kila moja maili moja kwa maili moja, yaani eka 640. Seksheni ilikatwa robo nne, na kila robo ni eka 160. Walipima kwa mnyororo wa futi 66. Minyororo 80 ni maili moja, na minyororo 10 ya mraba ni eka moja, eka ile ile unayoijua wewe.

Kwa sheria ya 1872 mtu aliweza kupewa robo moja kwa ada ya dola 10, kwa sharti akae na kuilima miaka mitatu. Lakini si seksheni zote zilizogawiwa hivyo. Seksheni ya 11 na ya 29 ziliwekwa kwa ajili ya elimu. Usidhani kwamba shule ilijengwa hapo. Ardhi hiyo iliuzwa au kukodishwa, na fedha zikasaidia shule. Kampuni ya reli ya Canadian Pacific nayo iliahidiwa eka milioni 25 mwaka 1881.

Sasa tazama jinsi shamba linavyotajwa. Mkulima wa huko husema: robo ya kaskazini-mashariki, seksheni 14, taunishipu 20, safu ya 5, magharibi ya meridiani ya pili. Taunishipu huhesabiwa kutoka mpaka wa Marekani kwenda kaskazini, na safu huhesabiwa kutoka meridiani kwenda magharibi. Seksheni huanza kuhesabiwa pembe ya kusini-mashariki: 1 hadi 6 kwenda magharibi, kisha 7 hadi 12 kurudi mashariki, na kuendelea hivyo, kama ng'ombe wa plau wanaogeuka mwisho wa shamba. Mtu akikutajia maneno hayo, waweza kulifikia shamba lake bila kumwuliza mtu njia.

Tatizo ni kwamba miraba haijali mito wala vilima. Mstari ulipita katikati ya dimbwi kama ulivyopita juu ya udongo mzuri. Mpima aliandika katika daftari lake alichokiona: dimbwi, majani ya kukata, miti, njia ya mikokoteni. Mtu aliyechagua robo yake ofisini kwa namba tu, bila kuuliza habari za daftari hilo wala kwenda kutazama, aliweza kujikuta na bata wengi kuliko ngano.

Baadaye zilikuja ramani zenye mistari ya kontua, ambayo huunganisha mahali penye kimo sawa. Mistari ikikaribiana, pana mteremko mkali, ikiachana, pamelala. Inapokatiza bonde hujipinda kama ncha ya mkuki, na ncha huelekea kule maji yanakotoka. Ramani za kipimo cha 1:50,000, ambazo Kenya nayo inazo, huonyesha kilomita moja kwa sentimita 2. Basi upande wa seksheni ni kama sentimita 3.2 tu, lakini zatosha kukuonyesha maji yatakakotuama.

Ndiyo sababu ramani kuukuu haitupwi. Dimbwi lililotiwa mfereji na kulimwa laweza kutoonekana katika ramani mpya, lakini mvua zikizidi maji hurudi pale pale palipochorwa na mpima wa kwanza.

Tena ramani hizo zina jambo jingine, zito kuliko dimbwi. Kando ya Mto Red utaona mashamba membamba na marefu yaliyoanzia mtoni, yamekaa kama meno ya kitana katikati ya miraba. Hayo yalikuwa ya Wametisi, watu wa damu ya Kizungu na ya wenyeji, waliokaa hapo kabla ya wapima. Tarehe 11 Oktoba 1869 wapima walipofika na mnyororo wao, Louis Riel na wenzake waliukanyaga wakawazuia. Mwaka uliofuata mkoa wa Manitoba ulianzishwa, na mashamba mengi ya mtoni yakaachwa katika umbo lake. Wenyeji wa kwanza, kama Wakree, hawakupata hivyo. Kwa mikataba iliyoanza 1871 walibakiziwa maeneo madogo, nayo yamo ramani hizo hizo.

Penye pembe wapima walisimamisha nguzo na kulundika udongo, wakichimba mashimo kando yake. Hata kama mnyororo ulikosea futi chache, nguzo ya kwanza ndiyo mpaka, wala si hesabu ya karatasi. Hapa kwetu pia kung'oa bikoni ni kosa la jinai.

Na ukiona katika ramani hizo barabara iliyonyooka maili nyingi kwenda kaskazini, kisha ikakatika ghafula na kuendelea hatua kadhaa pembeni, usimcheke mpima. Dunia ni mviringo, na mistari ya kwenda kaskazini hukaribiana. Kila maili 24 walilazimika kuisahihisha, na madereva wa huko bado wanapinda kona hizo.