Mkate wa mwanasheria uko Kariakoo

Mfanyabiashara wa vitenge Kariakoo akipokea makadirio ya kodi asiyokubaliana nayo, ana siku 30 za kupeleka pingamizi kwa Kamishna Mkuu wa TRA. Pingamizi lenyewe halipokelewi mikono mitupu. Lazima alipe kwanza theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kiasi ambacho hakina ubishi, chochote kilicho kikubwa, la sivyo aombe kwa maandishi apunguziwe sharti hilo na aeleze sababu za msingi. Siku zikimpita, makadirio yanakuwa deni, na deni la TRA hufuatwa mpaka kwenye akaunti ya benki.

Barua ya namna hiyo anaiandika nani? Kwa muda mrefu ilikuwa kazi ya mhasibu wa mtaani, yule anayetunza vitabu vya maduka kadhaa na kuyapitia kila mwisho wa mwezi. Siku hizi ukipanda ngazi za maghorofa ya Msimbazi, Aggrey na Narung'ombe, ukipenya katikati ya marobota na mabegi ya mzigo, utakuta vibao vya mawakili, washauri wa kodi na mawakala wa usajili wa kampuni. Ndani yake wamekaa vijana wenye shahada ya sheria. Wengi wao hawajawahi kusimama mbele ya jaji, na baadhi hawatasimama kamwe. Lakini kodi ya chumba wanalipa, na wateja wanarudi. Anayetaka kujua shahada ya sheria inalipa wapi Dar es Salaam aanzie kwenye ngazi hizo kabla hajakwenda mahakamani.

Si hivyo mambo yalivyopangwa tangu mwanzo. Elimu ya juu ya sheria Tanganyika ilianzia hatua chache tu kutoka sokoni. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, chuo kikuu cha Dar es Salaam kilifungua kitivo chake cha kwanza, cha sheria, kwenye jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wasiofika 15. Kilihamia Mlimani mwaka 1964. Wakati ule Watanganyika Waafrika waliosomea sheria walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na serikali ilihitaji mahakimu, waendesha mashtaka na washauri wa wizara. Mhitimu hakuwa na haja ya kutafuta kazi kwa kuwa kazi ilikuwa inamsubiri. Ajabu ni kwamba baadaye, kwenye mtaa uleule wa Lumumba, katika jengo la Ushirika, BRELA ilikaa miaka mingi ikisajili kampuni na majina ya biashara, na mawakili wa Kariakoo walikuwa wakivuka barabara na faili kwapani. Tangu mwaka 2018 usajili unafanyika kwa mtandao, faili zimepungua, na kazi imehamia kwenye kompyuta ya ofisini.

Barabara ya serikali bado ipo, ila imekuwa nyembamba na imeelekea Dodoma. Mwaka 2018 kazi za Mwanasheria Mkuu ziligawanywa, zikaundwa Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali kwa kesi za madai na Ofisi ya Taifa ya Mashtaka kwa jinai, huku ofisi ya Mwanasheria Mkuu ikibaki na ushauri na uandishi wa sheria. Nafasi hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na kwa mahakimu ipo Tume ya Utumishi wa Mahakama. Nafasi moja hugombewa na umati. Anayeipata amepata mshahara wa uhakika na pensheni, na safari yake inaweza kuanzia Kibondo au Tunduru. Kwa kijana asiyetaka kuondoka mjini, hiyo haimsaidii.

Kwa anayebaki, kikwazo cha kwanza ni Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo mtaani huitwa Law School tu. Ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, na mhitimu wa Tanzania Bara anayetaka kuwa wakili wa kujitegemea hana njia ya kuikwepa. Oktoba 2022 matokeo ya kundi moja yalizua kelele nchi nzima: kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani walikuwa 342, na 265 wakaondolewa. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Harrison Mwakyembe ichunguze. Wapo waliolaumu vyuo vikuu kwa kupitisha wanafunzi dhaifu, wapo walioilaumu taasisi yenyewe. Mimi naona mjadala ule ulikwepa swali la kiuchumi: hao mamia wasiopata uwakili wana shahada mkononi, na soko litawafanyia nini?

Jibu la haraka ni kwamba wengine wanageuka vishoka. Sheria ya Mawakili inamkataza asiye na sifa kuandaa hati za kisheria kwa malipo au kujitambulisha kama wakili, na Mahakama imeweka mfumo wa e-Wakili ambamo mwananchi yeyote anaweza kuingiza jina na kuona kama mtu yumo kwenye orodha na kama leseni yake ya mwaka iko hai. Wafanyabiashara wengi hawautumii. Wanaangalia muhuri, na muhuri unachongwa hapohapo mjini.

Asubuhi moja nilikaa kwenye benchi la ofisi ya ghorofa ya tatu, Narung'ombe, nikisubiri mwenye ofisi atoke mahakamani. Akaingia mama muuza mapazia na karatasi nne zilizobanwa kwa pini. Mezani alikuwepo kijana aliyemaliza shahada na anayesubiri kuingia Law School.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nigongee tu muhuri hapo niwahi, dukani nimemwacha binti peke yake."

"Muhuri anagonga wakili mwenyewe, mama, yuko njiani. Huu mkataba umeusoma?"

"Cha Kizungu hicho nitasoma nini? Dalali kasema ni wa kawaida."

Kijana akausoma kwa sauti, akitafsiri. Kodi ya fremu ya mwaka mzima imelipwa mbele. Mwenye nyumba anaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya mwezi mmoja, na fedha iliyokwisha kulipwa hairudi. Kodi ya zuio, ile asilimia 10 ambayo mpangaji anatakiwa aikate kwenye pango na kuipeleka TRA, imeandikwa kwa namna ambayo mama ataitoa mfukoni mwake juu ya pango lote. Ushuru wa stempu haukutajwa, na mkataba usiolipiwa stempu haupokelewi mahakamani kama ushahidi. Kisha kijana akauliza kuhusu kilemba, ile fedha ya kuachiwa fremu.

"Kilemba nilimpa aliyekuwepo kabla yangu. Hela nyingi, mwanangu."

"Mliandikishana?"

"Tuliaminiana."

Mama hakugongewa muhuri siku ile. Aliambiwa mkataba uandikwe upya, kwa Kiswahili, na mwenye nyumba aitwe. Alinuna kidogo, akauliza bei, akapunguziwa, akalipa nusu.

Biashara yote imo humo. Kugonga muhuri kwenye nakala ya cheti au hati ya kiapo ya kitambulisho kilichopotea ni kazi ya elfu chache, na mawakili wenyewe wameishusha thamani kwa kugombania wateja wa mlangoni. Kuusoma mkataba na kumwambia mtu ukweli kabla hajasaini kuna bei nyingine. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama, lakini darasa la sheria bado linaendeshwa kwa Kiingereza, na mhitimu anatoka bila kuwahi kuandika mkataba mmoja kwa lugha ambayo mteja wake anaapia. Anayeweza kuandika Kiswahili cha mkataba kilichonyooka, kisichoacha mlango wazi, ana mtaji ambao hauko kwenye cheti chake.

Kazi nzito zaidi ziko kwenye viwanja. Maghorofa mengi ya Kariakoo yamesimama juu ya viwanja vya nyumba za Kiswahili za familia zilizokaa hapo vizazi kadhaa. Mwenye fedha anakuja, anajenga, familia inapata sakafu kadhaa au sehemu ya pango kwa miaka waliyokubaliana, na yeye anavuna zilizobaki. Ubia huo unahitaji mtu wa kuuliza maswali ya msingi: hati iko kwa jina la nani? Kama ni la babu aliyefariki, msimamizi wa mirathi ameteuliwa na mahakama, au ni kaka mkubwa tu anayesaini kwa kuwa ni mkubwa? Amewasilisha orodha ya mali na hesabu ya mgawanyo? Kwa familia za Kiislamu mirathi hiyo huanzia Mahakama ya Mwanzo, mahali ambapo mawakili walizuiwa kwa miongo mingi mpaka sheria ilipolegezwa mwaka 2021 kwa mahakama zinazoongozwa na hakimu mkazi. Shauri la mirathi la kiwanja kimoja cha hapa linaweza kumlisha wakili miaka mitano, na wakili mzuri atafanya kila awezalo lisifike huko. Jengo lililoporomoka Kariakoo Novemba 2024 na kuua watu liliongeza maswali mengine kwenye meza hizo: nani alikuwa na kibali, bima ya nani, mpangaji aliyepoteza mzigo anamdai nani.

Upande wa kodi na forodha ndiko mhitimu asiye wakili anapoweza kusimama kwa miguu yake mwenyewe. Mshauri wa kodi hasajiliwi na mahakama. Anasajiliwa na TRA. Chuo cha Kodi kinatoa stashahada ya uzamili ya kodi, na kuna cheti cha Afrika Mashariki cha uwakala wa forodha ambacho mtu wa sheria hukimaliza bila jasho kubwa kwa kuwa amezoea kusoma vifungu. Wafanyabiashara walipofunga maduka Mei 2023, wakilalamikia usajili wa stoo na usumbufu wa ukaguzi, hadi Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akawafuata Mnazi Mmoja, na walipofunga tena Juni 2024, madai yao yalihusu taratibu: nani ana haki ya kukagua, risiti ya EFD inadaiwa kwa nani, faini inakokotolewaje. Hayo ni maswali ya sheria. Cha kusikitisha, mhitimu wa kawaida hajui kusoma mizania, na mwenye duka hamwamini mtu asiyejua faida ghafi ni nini.

Migogoro ya kazi nayo iko wazi. Mfanyakazi wa dukani aliyefukuzwa ana siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na pale anaweza kuwakilishwa na wakili, na chama chake, au na mwakilishi binafsi aliyemchagua. Mwenye shahada ya sheria anaweza kuanzia hapo. Waajiri wa Kariakoo wengi hawana mikataba ya maandishi kabisa, kwa hiyo kumwandalia mwenye duka mikataba kumi ya wafanyakazi ni rahisi kuuza kuliko kumtetea akishashtakiwa.

Mwendo wa nusu saa kwa miguu, Posta, hali ni tofauti. Mabenki na kampuni za simu zinachukua watu wa uzingatiaji wa sheria, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023, taasisi zinazokusanya taarifa za watu zinatakiwa kujisajili kwenye Tume ya ulinzi wa taarifa hizo na kuwa na afisa anayesimamia jambo hilo. Ni ajira safi, yenye kiyoyozi na bima ya afya. Ni chache, na aghalabu hupewa mwenye uzoefu.

Alama za biashara ningeziweka juu zaidi ya zinavyowekwa na wengi. Mwagizaji wa viberiti, mafuta ya nywele au betri anatumia miaka kulijenga jina. Siku moja anakuta kontena la jirani lina jina hilohilo. Alama ikisajiliwa BRELA inalindwa miaka saba, kisha inahuishwa kwa kumi kumi, na Tume ya Ushindani inaweza kukamata bidhaa bandia. Lakini ulinzi huo unaishia Bara. Zanzibar ina usajili wake. Mzigo wa Kariakoo unavuka kwa boti kila siku, na wenye kulijua hilo wanaweza kulifanya kuwa kazi ya kudumu.

Na sasa kuna kazi ambayo ningependa vijana waiogope. Julai 2025 Wizara ya Viwanda na Biashara ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo za jumla na rejareja, baada ya malalamiko ya muda mrefu kuhusu wageni Kariakoo. Raia anayemsaidia mgeni kuikwepa naye anaadhibiwa. Mara moja likazaliwa hitaji: mgeni mwenye mzigo anatafuta Mtanzania wa kuwekwa jina kwenye leseni, na wote wawili wanatafuta mtu wa kuandika mkataba wa pembeni utakaosema mali ni ya nani hasa. Malipo yake ni makubwa kuliko mikataba ya fremu ya mwezi mzima, na kijana anayedaiwa pango la chumba Buguruni atashawishika. Ila kampuni sasa zinatakiwa kuwataja BRELA wamiliki manufaa wake, yaani wanaonufaika hasa, hivyo mkataba wa pembeni unapingana na fomu iliyokwisha kujazwa. Na Sheria ya Mawakili inataka kila anayeandaa hati aache jina lake na anuani yake chini ya karatasi.