Miwani ya kusomea si kipimo cha macho

HEBU tazama umelishikaje gazeti hili. Ikiwa umeunyoosha mkono, au umesogea dirishani ndipo herufi zikatulia, na umri wako umepita miaka 40, basi makala haya yanakuhusu. Hujarogwa wala huna maradhi. Macho yako yamezeeka kidogo, kama yanavyozeeka ya kila mtu.

Nyuma ya mboni ya jicho kuna lenzi. Kwa mtoto, lenzi hiyo ni laini. Anapotazama kitu kilicho karibu, misuli midogo inayoizunguka hujikaza, nayo lenzi hunenepa na kukileta kitu hicho wazi. Kadiri miaka inavyosonga, lenzi huwa ngumu. Misuli huvuta lakini lenzi haibadiliki ipasavyo, na herufi ndogo zinaingia ukungu. Dalili huanza kujitokeza kati ya umri wa miaka 40 na 45, huzidi polepole, kisha hutulia mtu akikaribia miaka 60 na kitu. Jioni hali huwa mbaya zaidi kwa sababu katika mwanga hafifu mboni hupanuka na picha ya kitu cha karibu hutawanyika. Wengi hapo huilaumu taa.

Wapo wanaodhani hili ni tatizo la wasomi. La! Fundi wa nguo asiyeweza kutunga uzi kwenye sindano hupoteza wateja. Anayepika hushindwa kuona mawe kwenye mchele. Mgonjwa hukosea kipimo cha dawa kwa kutoona maandishi ya kichupa. Na siku hizi, mzee asiyeona tarakimu za simu humpa mtu mwingine simu yake pamoja na nambari ya siri ili amtumie pesa, au hutuma mwenyewe zikamfikia asiyemjua. Mwaka wa 2018 jarida la Lancet Global Health lilichapisha utafiti uliofanywa Assam, India, miongoni mwa wachuma majani chai 751 wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Waliopewa miwani ya kuonea karibu waliwapita wenzao kwa takriban asilimia 22 katika uzito wa majani waliyochuma kwa siku. Kazi hiyo ndiyo ile ile inayofanywa Kericho na Nandi.

Dawa ya hali hii ni miwani, na si lazima iwe ya bei kali. Ile inayouzwa tayari barabarani na madukani, yenye nambari kama 1.00, 1.50 au 2.00, haiharibu macho. Nambari hiyo ni nguvu ya lenzi, na huongezeka na umri. Kasoro yake ni kwamba vioo vyote viwili vina nguvu sawa, ilhali watu wengi macho yao hayalingani, na wengine wana matatizo ya kuona mbali pia. Hao wataumwa na kichwa. Wala si kweli kwamba ukianza kuvaa miwani macho huwa mavivu. Lenzi itazidi kuwa ngumu uvae usivae.

Lakini, mpenzi msomaji, mchuuzi wa miwani hakupimi macho. Ukimlipa, ukasoma gazeti vizuri na kwenda zako, unaweza kudhani umemaliza kumbe jicho lina mgeni mwingine. Mgeni ninayemhofia zaidi ni glakoma, ambayo wengine huiita presha ya macho. Neva inayopeleka picha kwenye ubongo hufa kidogo kidogo, mara nyingi kwa sababu shinikizo ndani ya jicho limezidi. Aina iliyo ya kawaida kwetu haiumi. Huanza kula pembeni huku katikati pakiwa safi, hivyo mtu huendelea kusoma bila wasiwasi hadi aanze kujigonga kwenye milango. Kilichopotea hakirudi. Matone au upasuaji huokoa kilichobaki tu, na ndiyo maana kuwahi ni muhimu. Waafrika hupatwa nayo zaidi, na zaidi ya hapo wale ambao mzazi au ndugu yao anayo.

Kuna jambo jingine linalowahadaa wazee. Mtu wa miaka 65 aliyetegemea miwani huamka na kugundua anasoma bila hiyo, na jamaa wote hushangilia. Mara nyingi huo ni mtoto wa jicho unaoanza: lenzi imebadilika, karibu kukawa wazi huku mbali kukizidi ukungu. Aende hospitali.

Ukitimiza miaka 40, pimwa hata kama huoni tatizo, kisha urudi kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Mwenye kisukari apimwe kila mwaka, hata akiwa kijana. Utasomeshwa herufi kwa mbali na kwa karibu (asiyejua kusoma huonyeshwa alama na kuulizwa zimeelekea wapi), shinikizo la jicho litapimwa, na daktari atamulika ndani kuitazama neva. Huenda ukatiwa matone ya kupanua mboni. Kwa saa kadhaa hutaona vizuri, kwa hivyo usiendeshe gari siku hiyo. Beba miwani yako ya zamani na dawa zote unazotumia.

Taja pia matone uliyojinunulia dukani. Yale yenye steroidi hutuliza wekundu haraka, lakini yakitumiwa kwa muda mrefu bila daktari yanaweza kupandisha shinikizo la jicho na kuleta mtoto wa jicho. Maji ya sukari na majani yaliyopondwa yasitiwe machoni kabisa.

Na ikiwa utaambiwa una glakoma, siku hiyo hiyo wapigie simu ndugu zako wa damu, nao wakapimwe.