Poda Husitiri, Haikingi Jua

Nilipozungumzia redioni harusi za siku hizi na gharama zake, nilipata ujumbe wa msikilizaji mmoja wa Kanda ya Ziwa ambao haukuhusu gharama hata kidogo. Ni binti mwenye ualbino, anaolewa karibuni, na mpambaji wa saluni amemwambia kwamba ngozi yake "haina namba". Maana yake, katika vikopo vyote vya fandesheni alivyonavyo mpambaji huyo, hakuna kilichomfaa. Binti akaniuliza: sasa mimi nipakwe nini, unga wa ngano?

Mimi ni mwanamume wa redio. Uso wangu hauonekani, na kipodozi changu ni sabuni ya kunyolea. Lakini chuoni tulifundishwa kwamba usilolijua ukaliulize, kwa hiyo nilikwenda kuuliza kwa wauzaji wa vipodozi, kwa mpambaji ambaye mdogo wake ana ualbino, na kwa muuguzi wa kliniki ya ngozi. Kati ya hao watatu, yule muuguzi ndiye aliyenikosesha usingizi, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza tuondoe hilo la kukosa namba. Hapa Tanzania inakadiriwa kuwa katika kila watu 1,400 hivi yupo mmoja mwenye ualbino, wakati Ulaya na Amerika Kaskazini ni mmoja katika watu 17,000 hadi 20,000. Mpambaji wa mji mkubwa ambaye hana hata kikopo kimoja kwa ajili ya wateja hawa amechagua kutokuwa nacho. Ngozi ya binti haina kosa.

Kinachowafaa wengi wao ni ile inayoitwa poda ya madini, yaani fandesheni kavu, isiyo na maji wala mafuta. Ndani yake mna vitu vichache tu. Mna titaniamu dayoksaidi na zinki oksaidi, ambazo ni unga mweupe wenye kazi ya kufunika. Mna ulanga, ule ule unaometameta katika mawe ya milima ya Uluguru, ambao huifanya poda iteleze na ing'ae. Na mna oksaidi za chuma za namna tatu: ya manjano, nyekundu na nyeusi. Ndugu msomaji, oksaidi ya chuma ni ndugu wa kutu iliyoko kwenye bati lako. Rangi zote za poda zilizopangwa dukani, kuanzia nyeupe kabisa hadi ya kahawa, hupatikana kwa kupimia kutu hizo tatu ndani ya ule weupe.

Ukishalijua hilo, utaona kosa la wapambaji linapoanzia. Wakipata mteja mwenye ualbino huchukua kikopo cheupe kuliko vyote wakidhani wamemaliza. Lakini weupe nao una aina zake. Vikopo vingi vyeupe vya dukani vimetengenezwa kwa kumfikiria Mzungu mwenye mashavu ya waridi, kwa hiyo kutu nyekundu imezidi. Ngozi ya Mtanzania mwenye ualbino, tena ile sehemu ambayo jua halijaifikia, mara nyingi ina manjano kidogo, rangi inayoelekea siagi. Ukimpaka ile ya waridi, uso unakaa peke yake na shingo peke yake, kama kichwa cha mtu kilichowekwa juu ya kiwiliwili cha mwingine. Hapo mpambaji huongeza nyingine ili kuficha mpaka, na ndivyo watu wanavyofika ukumbini wamejaa poda kama waliotoka kusaga mashineni.

Basi rangi ya kuoanisha ni ya shingo. Uso wenyewe hudanganya, kwa sababu jua limeuchoma na wekundu wake si rangi yake ya asili. Mkono nao usiufuate, maana umechomwa vile vile. Chora mistari mitatu midogo ya poda tofauti kuanzia kwenye taya kushuka shingoni, kila mmoja upana wa kidole. Ule unaopotea usionekane ndio wenyewe. Usiamue hapo hapo. Subiri robo saa, kwa sababu mafuta ya ngozi yakishailowesha poda, rangi hukolea, kama vile udongo mkavu unavyokolea ukinyeshewa. Poda iliyoonekana sawa dukani huweza kuwa ya chungwa ifikapo mlangoni.

Kuhusu mwanga, wataalamu wa urembo husema chagua rangi kwenye mwanga wa mchana, na hiyo ni kweli, maana taa za dukani hubadilisha rangi ya kila kitu. Lakini mtu mwenye ualbino ukimsimamisha juani na kioo mkononi, humwoni ila akikunja uso, kwani macho yake hayastahimili mwanga mkali na wengi wao hawaoni vizuri kwa mbali. Akae barazani kivulini, mwanga umjie kwa ubavu, na awepo mtu wa pili wa kumtazama. Huyo wa pili awe ni mtu anayempenda. Muuzaji hafai, kwa sababu ana haraka.

Ikiwa hakuna hata kikopo kimoja kilichokubali, poda kavu ina uungwana mmoja: inachanganyika. Nunua nyeupe na nyingine ya manjano hafifu, changanya kidogo kidogo katika kisosi, na ukipata inayofaa andika ulichukua vijiko vidogo vingapi vya kila moja. Yule mpambaji mwenye mdogo wake amefanya hivyo miaka mingi, na vipimo vyake vimeandikwa kwa kalamu ya wino kwenye kifuniko cha kikopo.

Twende kwenye mabaka. Chunusi nyekundu hufifia zikipigwa kwanza tone dogo la konsila yenye ukijani, kwa sababu kijani na nyekundu huuana. Iguswe kwa ncha ya kidole, isisuguliwe. Makovu yenye mashimo yanataka poda isiyong'aa, kwani ulanga mwingi hukamata mwanga na kila shimo likaonekana kama limechorwa. Kisha kuna yale madoa meusi au ya kahawia ambayo watu wengi wenye ualbino hapa kwetu huwa nayo usoni na mabegani. Hayo ni kazi ya jua, hujitokeza pale linapopiga. Wapo wanaotaka kuyafuta kwa mkorogo. Ninasema kwa sauti ile ile ninayotumia redioni kusoma taarifa ya ajali: msifanye hivyo. Zebaki, haidrokwinoni na dawa kali za steroidi zinazotiwa humo hudhuru hata ngozi yenye kinga yake yote, sembuse hii isiyo na kinga. Madoa hayo yapunguzwe makali kwa poda nyembamba, yaonekane kwa mbali. Uso usio na alama hata moja ni wa sanamu ya dukani.

Kupaka kwenyewe ni kazi ya subira. Uso uoshwe, upakwe mafuta yake ya kawaida, kisha mafuta ya kukinga jua, kisha uachwe ukauke dakika kumi na tano. Poda ikikuta unyevunyevu hushikana mabonge. Mimina kidogo kwenye kifuniko, zungusha brashi nene ndani yake, igonge pembeni ili iliyozidi ianguke. Usiipulize, kwa maana unga huo haufai kuvutwa puani. Paka kwa kuzungusha, kuanzia katikati ya uso kwenda nje, hadi chini ya taya na masikioni. Mara mbili au tatu nyembamba ni bora kuliko moja nene. Joto likimtoa jasho bibi harusi, jasho likaushwe kwanza kwa kubonyeza karatasi laini, ndipo aongezewe. Nyusi zipitishwe kalamu ya kahawia hafifu. Wanja mweusi utamfanya aonekane amekasirika siku nzima.

Jambo moja zaidi kuhusu picha: ule unga mweupe, titaniamu na zinki, hurudisha mwanga wa kamera. Mtu aliyependeza machoni hutoka pichani kama kapigwa chokaa. Siku chache kabla ajaribiwe kupakwa, apigwe picha mbili za simu usiku, moja na mwanga wa kamera na nyingine bila.

Sasa yale ya muuguzi. Vikopo vingi vya poda ya madini vimeandikwa herufi SPF na tarakimu pembeni, 15 au zaidi, na akina dada hudhani wamepata viwili kwa bei ya kimoja: urembo na kinga. Ni kweli kwamba zinki na titaniamu hupunguza makali ya jua, na ndizo zinazotiwa pia katika mafuta mengi ya kukinga. Lakini tarakimu ile hupatikana maabara kwa kupaka miligramu 2 katika kila sentimita moja ya mraba ya ngozi. Uso wa mtu mzima, ukikadiria sentimita za mraba 600, unataka gramu moja na zaidi. Hakuna anayejipaka poda kiasi hicho, akijipaka, tutamkimbia. Apakacho ni sehemu ndogo tu ya kipimo, kwa hiyo na kinga anayopata ni ndogo kuliko iliyoandikwa. Tena jasho likishachora mifereji, hata hiyo ndogo imeondoka.

Mtu wa rangi yangu ana melanini, ambayo ni mwavuli wa kuzaliwa nao. Mwenye ualbino hana mwavuli huo au anao kidogo mno. Kwake poda ni nguo ya juu, na mafuta ya kukinga jua, kofia pana na mikono mirefu ndizo nguo zenyewe. Mafuta hayo ni ghali madukani, najua. Ndiyo maana pale Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko hospitali ya KCMC, miaka ya 2010 ulianzishwa utengenezaji wa mafuta ya Kilisun, mahususi kwa watu wenye ualbino, ili wagawiwe kupitia kliniki. Anayeyahitaji aulizie kliniki ya ngozi iliyo karibu naye au chama cha watu wenye ualbino cha mkoa wake.

Na hapa ndipo usingizi uliponitoka. Muuguzi aliniambia kwamba huwaona mabinti wanaokuja wamejipamba vizuri, na akiwaomba waoshe uso ndipo anapokuta, pembeni mwa pua au nyuma ya sikio, kidonda cha miezi. Kimefunikwa kila asubuhi kwa konsila na poda, na mwenyewe anakiita chunusi. Saratani ya ngozi kwa watu wenye ualbino wa Afrika hutokea hasa usoni, masikioni, midomoni na shingoni, kule kule tunakopaka. Huanza kwa kitu kidogo: baka gumu lenye magamba, linalokwaruza kidole ukilipitisha, au kidonda kinachofunga ukoko, kinatoka damu, kinafunga tena. Baka likiwahiwa, daktari huweza kuligandisha kwa naitrojeni ya maji katika dakika chache. Kidonda kidogo hukatwa kwa upasuaji mdogo. Kikiachwa kikaingia ndani, safari ni ya Ocean Road, na pengine imechelewa.

Kwa hiyo chunusi ambayo haijapona kwa wiki nne si ya kupakwa kitu. Ifunikwe na kitambaa safi ipelekwe hospitali. Poda yote itolewe kila usiku kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, bila dodoki, na brashi ioshwe kila wiki wala isiazimwe. Kwa kuwa wengi wao kioo hakiwasaidii sana, mume, dada au mama achukue taa mara moja kwa mwezi aukague uso uliooshwa, nyuma ya masikio, kwenye mdomo wa chini na kisogoni chini ya nywele, akipitisha na kidole, kwa sababu magamba ya mwanzo huhisiwa kabla ya kuonekana.