Sonda Iliyoganda Kwenye Bomba la Moshi: Namna ya Kuitoa Bila Kuharibu Gari Wala Mtu



Wengi kati yetu wa viwandani hapa Bujumbura, na wenzetu wa mashamba ya chai na ya miwa, tunategemea magari ya zamani. Wengine wamechanga pesa watu watano au sita wakanunua Toyota Carina au Corolla ya miaka ya 1990, zile tunazoziita TI, ili wawahi zamu. Wengine ni madereva wa waajiri. Wengine wana watoto wanaojifunza ufundi katika garaji za Buyenzi. Katika miaka ya 2022 hadi 2024 tuliona sote foleni za petroli, na watu wakitembea kwa miguu kutoka Kamenge na Kinama kwenda kazini. Tangu hapo kila mtu anajua kwamba gari linalokunywa petroli kupita kiasi linakula mshahara.

Sababu moja ya ulaji huo ni kifaa kidogo ambacho mafundi wetu hukiita sonda. Kwa jina refu ni sensa ya oksijeni. Kikifa hubadilishwa, lakini katika gari la zamani mara nyingi hakitoki. Hapo ndipo pesa zinapopotea na vijana wanapoumia. Makala hii inaeleza kazi hiyo hatua kwa hatua.

SONDA NI NINI

Sonda ina umbo kama la plagi. Imefungwa kwenye bomba la moshi karibu na injini, na kichwa chake kiko ndani ya moshi. Kazi yake ni kupima oksijeni iliyobaki baada ya petroli kuungua, kisha kuiarifu kompyuta ya gari kwa umeme mdogo, tangu volti 0.1 hadi 0.9. Kompyuta nayo huongeza au hupunguza petroli ili kila kilo 1 ya petroli ipate kilo 14.7 za hewa. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ndiyo iliyokitengeneza, na gari la kwanza kuuzwa nacho lilikuwa Volvo, mwaka 1976.

Sonda ikifa, kompyuta hufanya kazi kwa kukisia, na kwa kawaida hukisia kwa kuzidisha. Plagi huwa nyeusi kwa masizi, moshi hunuka petroli, taa ya injini huwaka. Lakini msikimbilie kununua. Kwanza tazameni kama waya umekatika au umeungua, au kama bomba limetoboka kabla ya kufika kwenye sonda. Hewa ikiingia hapo, sonda nzima husema uongo. Fundi mwenye kipimo cha volti atazame injini ikiwa moto: sindano ikipanda na kushuka mara kwa mara, sonda ni nzima. Ikisimama mahali pamoja, kuna shaka.

KWA NINI INAGANDA

Sonda hukaa mahali penye joto la mamia ya digrii. Kila siku chuma hupanuka na kusinyaa. Wakati wa mvua, maji na tope la barabarani hurukia bomba likiwa moto, na kutu huingia katika hesi, yaani ile mikato ya kuzunguka inayoshika. Baada ya miaka kumi au ishirini sonda na bomba huwa kama chuma kimoja. Nguvu peke yake haisaidii: huvunja sonda au hung'oa hesi za bomba.

KABLA YA KUANZA

1. Gari liwe mahali tambarare, magurudumu yazuiwe kwa mawe au mbao. Likiinuliwa kwa jeki, liwekewe miguu ya chuma. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

2. Toeni waya wa betri. Vaeni miwani ya kukinga macho, glavu za ngozi, na nguo za pamba. Nguo za nailoni huyeyukia mwilini.

3. Wekeni karibu ndoo ya mchanga mkavu.

4. Injini isiwashwe ndani ya banda lililofungwa. Moshi wake una gesi isiyo na harufu, nayo huua mtu kimya kimya.

HATUA ZA KAZI

Kwanza, jioni ya kuamkia kazi, bomba likiwa baridi, tieni mafuta ya kulegeza kutu pale sonda inapoingia. Rudieni mara mbili au tatu, kisha acheni usiku kucha. Mafuta hayo yanashika moto. Yasimwagwe kamwe juu ya bomba lililo moto. Kijana mmoja mwanagenzi, katika garaji ambayo hatuitaji, aliambiwa na mkubwa wake afanye hivyo, na mwali ukamrukia mkononi na shingoni. Sisi wa chama ndio tuliochanga pesa za dawa.

Pili, asubuhi chomoeni soketi ya waya kwa kubonyeza kifungo chake. Ikiwa mna hakika sonda imekufa, kateni waya karibu na kichwa, ili spana ya duara iingie vizuri. Ikiwa bado mnaitaka, msikate.

Tatu, rudisheni betri, washeni injini dakika tano hadi kumi uwanjani, kisha zimeni. Bomba likipata joto hulegea kidogo. Tumieni spana namba 22, au kle kama wasemavyo mafundi wetu, ya duara au soketi ndefu ya pembe sita. Spana ya mdomo wazi husaga pembe. Zungusheni kinyume cha saa, kwa kuvuta taratibu na kwa nguvu inayoongezeka. Mpini ukigongwa kwa nyundo, mapigo madogo mengi ni bora kuliko pigo moja kubwa.

Nne, ikianza kusogea msifurahi mapema. Legezeni robo mzunguko, rudisheni kidogo, legezeni tena. Ikilia na kukaza, rudini nyuma, acheni ipoe, tieni mafuta, ngojeni. Anayelazimisha hapa hutoka na sonda pamoja na hesi za bomba.

Tano, ikikataa kabisa, itumieni gesi ya kuchomea. Kwanza futeni mafuta yote ya kulegeza kutu. Ondoeni au kingeni waya, mipira, na hasa mabomba ya petroli. Pasheni moto kiti cha sonda, yaani chuma kinachoizunguka, si sonda yenyewe, mpaka kianze kuwa chekundu kwa mbali. Kiti kitapanuka, sonda itaachia. Mtu wa pili asimame na mchanga. Mafundi wengine hugusisha mshumaa kwenye hesi baada ya moto kuondolewa: nta huyeyuka na kupenya ndani.

Sita, pembe zikisagika au sonda ikikatika, simameni. Fungueni bomba lenyewe mlipeleke kwenye meza ya fundi, ambako litashikwa vizuri, litobolewe, au litiwe kiti kipya kwa kuchomelewa. Hiyo ni nafuu kuliko kupasua chuma cha moshi chini ya gari.

Baadhi ya Toyota za zamani hazina hesi kwenye sonda: imeshikwa kwa nati mbili. Hapo ni nati zinazotiwa mafuta, na gasketi hubadilishwa.

KUWEKA MPYA

Safisheni hesi kwa tapu ya milimita 18 yenye hatua ya 1.5. Pakeni grisi ya shaba ya kuzuia kugandana kwenye hesi tu. Ikigusa kichwa, sonda mpya imekufa. Ikiwa imetoka kiwandani imepakwa, msiongeze. Anzeni kwa vidole, malizieni kwa nguvu ya kilo 4 hivi kwenye mpini wa mita 1. Msitumie gundi ya silikoni kwenye bomba. Mvuke wake huua sonda. Waya ufungwe mbali na joto.

HAKI NA MAPATANO

Ndugu zangu, kabla ya kumpa fundi gari, patananeni kwa maandishi mafupi: bei ni ngapi, na sonda ikivunjika nani atalipa kiti kipya. Mara nyingi nimeitwa kuamua ugomvi wa wachangiaji na fundi, na kila mara hakukuwa na karatasi. Fundi aliyeeleza mapema kwamba sonda huenda ikavunjika hana kosa ikivunjika. Aliyeahidi kwamba itatoka tu, basi aulizwe.

Na wenzetu wanaofanya kazi hii kwa mwajiri: glavu, miwani na miguu ya jeki ni vyombo vya kazi, na ni juu ya mwajiri kuvitoa. Mtu akiungua kazini, ajali itangazwe INSS mara moja, na wenzake walioona watoe majina yao. Ajali isiyoandikwa huhesabiwa kuwa haikutokea.

Kateni ukurasa huu, mubandikeni ukutani kwenye karakana, na mumsomee mwanagenzi asiyejua kusoma.