Kutafuta Hitilafu ya Umeme katika Usukani wa Gari

Dereva mmoja alinijia akilalamika kwamba usukani wa gari lake umekuwa mwepesi mno katika mwendo wa kasi. Gereji moja ilikwisha kumbadilishia pampu kwa gharama kubwa, na kasoro ikabaki vile vile.

Kwanza yatupasa kufahamu jinsi mtambo huu unavyofanya kazi. Gari linapoegeshwa, magurudumu hukinza sana kugeuzwa, hivyo dereva huhitaji msaada mwingi wa pampu ya mafuta. Katika mwendo wa kasi msaada huo ukizidi ni hatari, kwani mkono ukitikisika kidogo tu gari huyumba. Kwa sababu hiyo wahandisi walibuni usukani ambao msaada wake hubadilika kulingana na mwendo. Kihisio hupima mwendo. Kidhibiti cha elektroniki hupokea habari hiyo na kupeleka mkondo wa umeme katika koili ya valvu. Nayo valvu huongeza au kupunguza nguvu ya mafuta.

Usukani ukiwa mzito na pampu ikilia, chunguza kwanza mafuta na mkanda. Lakini ikiwa uzito wake haubadiliki, gari liende polepole au kwa kasi, shuku umeme. Koili ikikosa umeme, magari ya aina fulani hubaki na usukani mwepesi, na ya aina nyingine hubaki na usukani mzito. Hivyo ni lazima kusoma kitabu cha gari lenyewe.

Fyuzi ikionekana nzima, mafundi wengi huchomoa plagi ya koili, hupima, huona volti 12, kisha huhitimisha kwamba nyaya hazina kasoro. Hapo ndipo penye mtego. Tuchukue mfano. Koili yenye ukinzani wa omu 6, ikipewa volti 12, hupitisha ampea 2, kwa mujibu wa kanuni aliyoitangaza Georg Ohm mwaka 1827. Kutu katika kiungo cha ethi ikiongeza omu 6 nyingine, mkondo hushuka hadi ampea 1, na koili hupata volti 6 tu. Lakini mita nyingi za siku hizi zina ukinzani wa takriban omu milioni 10. Mbele ya ukubwa huo omu 6 za kutu si kitu, na mita husoma volti 12 kana kwamba hapana kasoro.

Njia iliyo sahihi ni kupima mtambo ukiwa kazini. Rudisha plagi mahali pake, washa injini, weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na ya pili kwenye ethi ya mtambo. Mita ikisoma karibu na sifuri, njia hiyo ni njema. Ikisoma volti kadhaa, umeme unapotea humo.

Gari la yule dereva lilisoma volti 4. Kiungo kikasuguliwa kwa msasa, kikakazwa, na usukani ukarudi katika hali yake. Pampu ya zamani, iliyokwisha kutupwa, haikuwa na kosa lo lote.